Tafuta Aliyesema Hapana: Jinsi ya Kujifunza Vita na Siasa za Marekani Zikakaa Kichwani

Kila Jumamosi saa nne asubuhi nafungua chumba cha mikutano cha maktaba moja hapa Dayton, Ohio, napanga viti kumi na viwili na kuweka chupa ya chai mezani. Wanafunzi wangu ni watu wazima. Wengi ni Wakongo wa Uvira, Bukavu na Likasi. Wapo Warundi watatu, Wakenya wawili na mama mmoja wa Kigoma. Wote wanajiandaa kwa mahojiano ya uraia. Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Majengo, na kiapo changu nilikula miaka mingi nyuma. Nafundisha bila malipo kwa kuwa nilipokuwa najiandaa mimi sikuwa na mtu wa kunieleza mambo haya kwa Kiswahili.

Mwanzoni nilifundisha kama nilivyofundishwa shuleni: tarehe, jina la vita, jina la rais, kariri. Watu wanakariri Jumamosi, ikifika Jumatano imeyeyuka. Kilichonibadilisha ni swali la mama mmoja wa Uvira. Alikuwa na kijitabu cha maswali mbele yake, kidole kimoja huku, kingine kule. "Mwalimu," akasema, "hapa wanasema kutangaza vita ni kazi ya Bunge. Hapa wanasema rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Sasa anayepeleka watoto vitani ni nani?"

Nikamwambia kuwa mara ya mwisho Bunge la Marekani kutangaza vita ilikuwa tarehe 5 Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Rumania. Akanyamaza, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: Korea, Vietnam, Ghuba, Afghanistan, Iraq. Mkono ukajaa. "Na hizi?"

Nilirudi nyumbani na swali lile, na tangu siku hiyo ndilo uzi ninaotungia shanga zote. Nayaandika haya kwa yeyote anayetaka kuzielewa nyakati kubwa za siasa na vita za Marekani tangu 1941, awe anakwenda kwenye mahojiano, ana mtoto anayemletea kazi za shule, au anataka tu kusoma habari za dunia bila kupotea njia.

Daftari la safu nne

Tafuta daftari la karatasi. Simu haifai kwa kazi hii, kwani utahitaji kurudi nyuma na mbele na kuchora mishale. Piga mistari mitatu wima upate safu nne, na juu yake andika: Karatasi, Kura, Hapana, Kilichobaki.

Karatasi ni sheria, azimio, amri au mkataba uliozaliwa na tukio. Vita vinaweza kuisha, majeruhi wakazeeka, lakini karatasi ndiyo inayoamua nani ana madaraka kesho yake. Kura ni hesabu: wangapi walikubali, wangapi walikataa. Kama hakuna kura iliyopigwa, andika "hakuna". Usiiache safu wazi, maana hilo nalo ni jibu, na utaona linavyojirudia. Hapana ni jina la aliyekataa na sababu yake. Kilichobaki ni kitu unachoweza kukiona au kukigusa leo.

Safu ya tatu ndiyo roho ya kazi yote. Waliokubali huwa wengi na maneno yao hufanana. Aliyekataa hulazimika kujieleza, na akijieleza unaliona lile jambo ambalo wenzake walilifumbia macho, au walilipima wakaona halina uzito. Si lazima umuunge mkono. Mimi mwenyewe sikubaliani na kila mtu niliyemwandika kwenye safu hiyo. Lakini bila yeye utajua kilichotokea tu, hutajua kilichokuwa kinashindaniwa.

Anza na 1941

Naanza hapa kwa sababu hapa safu zote nne zinajaa vizuri, na mwanafunzi anapata kipimo cha kupimia mengine yote.

Jumapili tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya kijeshi ya Pearl Harbor, Hawaii. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa. Kesho yake Rais Franklin Roosevelt alisimama mbele ya Bunge, akazungumza kwa dakika chache tu, na haikupita saa moja kura zikawa zimepigwa katika mabaraza mawili ya Bunge: Seneti 82 kwa 0, Baraza la Wawakilishi 388 kwa 1.

Huyo mmoja ni Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1916, miaka minne kabla katiba haijawapa wanawake wa nchi nzima haki ya kupiga kura. Mwaka 1917 alikuwa mmoja wa wajumbe 50 wa Baraza la Wawakilishi waliokataa kuingia Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1941 alibaki peke yake. Sababu aliyoitoa ni kwamba yeye kama mwanamke hawezi kwenda vitani, kwa hiyo anakataa kumpeleka mtu mwingine yeyote. Watu walimzomea ukumbini. Alipotoka ilibidi ajifungie kwenye kibanda cha simu mpaka polisi wakaja kumsindikiza. Siku tatu baadaye, kura ya kuzitangazia vita Ujerumani na Italia ilipopigwa, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba yupo. Na mwaka uliofuata hakugombea tena.

Darasani hapa mjadala huwaka. Baba mmoja wa Bujumbura aliwahi kusema kwa ukali kwamba nchi ikipigwa lazima ijibu, na kwa 1941 mimi naona ana haki. Lakini tazama safu ya nne. Tarehe 19 Februari 1942 Roosevelt alitia saini Amri ya Rais namba 9066. Kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa makwao katika pwani ya magharibi na kufungiwa kambini, na wengi wao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Wengi wa wanafunzi wangu wamekaa kambini, Nyarugusu au Kakuma, na neno hilo hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1988 serikali iliomba radhi kwa sheria na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Andika yote mawili, amri na radhi, ukurasa mmoja.

Nenda ukavione vitu vyenyewe

Sisi wa Dayton tuna bahati. Nje kidogo ya mji, kwenye kambi ya Wright-Patterson, liko Jumba la Makumbusho la Jeshi la Anga la Marekani. Kuingia ni bure, kuegesha gari ni bure. Ukikaa mji mwingine tafuta makumbusho au mnara wowote wa kitaifa ulio karibu nawe, lakini usiende kama mtalii. Chukua daftari, chagua vitu vitatu tu, na kaa mbele ya kila kimoja mpaka safu zijae.

Cha kwanza kwetu ni Bockscar, ndege ya B-29 iliyoangusha bomu la atomiki Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Ni ndege ya rangi ya fedha, imesafishwa inang'aa. Mji uliokusudiwa siku hiyo ulikuwa Kokura. Wingu na moshi vikauficha, rubani akageukia Nagasaki. Bwana mmoja wa Likasi alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma. Nilikuwa nimewaeleza kuwa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu yale ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na kwamba barua ya Albert Einstein kwa Roosevelt ya tarehe 2 Agosti 1939 inaitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa ndiyo chimbuko muhimu kuliko yote la urani. Kutoka kwao hadi Shinkolobwe si mbali. Babu yake alifanya kazi ya mgodi enzi hizo. "Ni udongo wetu huu," akasema, na hakusema zaidi.

Kwenye safu ya Kura hapo tuliandika "hakuna". Mradi ulikuwa siri. Hata Harry Truman, aliyeshika urais tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alipofariki, alielezwa habari zake kwa kina baada ya kuapishwa. Kwenye Hapana tuliandika ombi la Julai 1945 lililosainiwa na wanasayansi 70 wa mradi huohuo, wakimsihi rais asilitumie bomu kabla ya kuitangazia Japani masharti na kuipa nafasi ya kusalimu amri. Aliyeliandika ni Leo Szilard, mkimbizi kutoka Hungaria, yuleyule aliyesaidia kuandaa barua ya Einstein. Ombi halikumfikia Truman kwa wakati.

Cha pili ni ndege ya zamani iliyopewa jina Sacred Cow. Ilitengenezwa kwa ajili ya Roosevelt, na ina lifti ya kumpandisha na kiti chake cha magurudumu. Watu wengi huitazama lifti wakapita. Wewe subiri. Ndani ya ndege hii, tarehe 26 Julai 1947, Truman alitia saini Sheria ya Usalama wa Taifa. Karatasi hiyo moja ilianzisha shirika la ujasusi la CIA, Baraza la Usalama wa Taifa na Jeshi la Anga linalojitegemea, ikayaweka majeshi yote chini ya waziri mmoja. Kama ungeniomba nichague siku moja ambayo Marekani ya leo ilizaliwa kijeshi, ningechagua hii kabla ya siku yoyote ya mapigano. Kabla ya hapo nchi ilikuwa na desturi ya kukusanya jeshi vita vikija na kulitawanya vikiisha. Baada ya hapo jeshi na upelelezi vikawa vya kudumu, na rais akawa na vyombo mkononi hata wakati wa amani. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 26 Julai 1948, Truman akatia saini amri namba 9981 ya kuondoa ubaguzi wa rangi jeshini. Nawaambia wanafunzi waandike tarehe hizo mbili pamoja. Moja inaikumbusha nyingine.

Cha tatu ni ndege ya rais iliyokuwa Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Unaingia ndani, njia ni nyembamba kiasi kwamba mtu mnene anapita upande upande. Ukifika nyuma, utaona mahali ambapo viti viling'olewa na sehemu ya ukuta ikakatwa ili jeneza la John Kennedy lisisafiri na mizigo. Mbele kidogo ndipo Lyndon Johnson alipoapishwa, Jacqueline Kennedy amesimama ubavuni kwake na damu ya mumewe bado i kwenye nguo. Ilikuwa yapata saa moja na nusu tangu Kennedy atangazwe kuwa amekufa. Mama wa Kigoma aligusa kingo ya mlango, akasoma "Inna lillahi" kwa sauti ya chini.

Simama hapo ufikirie alichokisaini mtu aliyeapishwa katika chumba kile. Tarehe 2 Julai 1964, Sheria ya Haki za Kiraia. Tarehe 6 Agosti 1965, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Tarehe 3 Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru, sheria ya uhamiaji iliyofuta mgawo uliowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi. Na katikati ya hizo, Agosti 1964, ile karatasi iliyoipeleka Marekani Vietnam. Kalamu ni ya mtu mmoja.

Korea, kwa ufupi

Juni 1950 Truman alipeleka majeshi Korea bila kuomba Bunge litangaze vita. Wamarekani zaidi ya 36,000 walikufa kabla ya mapigano kusimamishwa tarehe 27 Julai 1953. Kura: hakuna. Usikae sana hapa, ila andika jambo moja: Aprili 1951 Truman alimfukuza kazi Jenerali Douglas MacArthur, shujaa wa nchi nzima, kwa kuupinga hadharani mwelekeo wa rais wake. Mwenye kombati alimtii mwenye suti. Wanafunzi waliotoka nchi zilizopinduliwa na wanajeshi huliona jambo hili kuwa kubwa kuliko Wamarekani wenyewe wanavyoliona.

Ghuba ya Tonkin: jifunze kusoma azimio

Hapa kaa. Mimi hutumia Jumamosi mbili nzima.

Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani iitwayo Maddox katika Ghuba ya Tonkin. Hilo lilitokea kweli. Usiku wa tarehe 4 Agosti, Maddox na mwenzake Turner Joy waliripoti kushambuliwa tena. Ilikuwa giza na hali ya hewa mbaya, na saa chache tu baadaye kamanda aliyekuwa pale alituma ujumbe akitilia shaka taarifa hizo. Usiku huohuo Johnson alitokea kwenye televisheni kulitangazia taifa kuwa analipiza kisasi. Shambulio la pili halikutokea. Nyaraka za siri za idara ya upelelezi wa mawasiliano, zilizofunguliwa mwaka 2005, zimeonyesha jinsi taarifa zilivyopindwa.

Bunge lilipiga kura juu ya azimio la kumruhusu rais kujibu kwa nguvu tarehe 7 Agosti. Baraza la Wawakilishi lilijadili kwa dakika 40 tu, 416 kwa 0. Seneti 88 kwa 2. Waliokataa ni Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Morse alikuwa mwanasheria, na hoja yake ilikuwa ya kisheria: azimio hili linampa rais madaraka ya kupigana bila vita kutangazwa, na katiba hailiruhusu Bunge kuyagawa madaraka hayo. Mwaka 1968 wote wawili walipoteza viti vyao. Ukuta wa kumbukumbu ya vita hivyo mjini Washington una majina zaidi ya 58,000.

Sasa fanya zoezi hili. Maandishi ya azimio yanapatikana bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Ni mafupi, hayafiki ukurasa. Kama Kiingereza ni kizito, mtoto wako wa sekondari akusomee sentensi moja moja na wewe uandike kwa Kiswahili. Kisha uliza maswali matatu. Adui ametajwa kwa jina? Mahali pametajwa? Mwisho umetajwa?

Chukua tamko la 1941 ulilinganishe. Adui: serikali ya kifalme ya Japani, kwa jina. Mwisho: mpaka vita viishe kwa ushindi. Sasa azimio la 1964: linazungumza juu ya Asia ya Kusini-Mashariki kwa jumla, linamruhusu rais kuchukua hatua zote zinazohitajika, na litakwisha pale rais mwenyewe atakapoona amani imerudi, au Bunge likiamua kulifuta. Umeona mlango ulivyopanuka? Mwaka 1941 Bunge lilimpa rais kazi. Mwaka 1964 lilimpa ufunguo.

Bunge lilikuja kulifuta azimio hilo mwaka 1971. Mwaka huohuo Marekebisho ya 26 ya katiba yaliushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, kwa hoja rahisi: kijana anayetosha kuchukuliwa jeshini kwa lazima anatosha kuchagua anayempeleka. Umri huo hutokea kwenye mtihani wa uraia, na ukijua hoja hii hutausahau. Tarehe 7 Novemba 1973 Bunge liliishinda kura ya turufu ya Richard Nixon na kupitisha Azimio la Madaraka ya Vita: rais akiingiza majeshi kwenye mapigano lazima aliarifu Bunge ndani ya saa 48, na bila idhini yake awaondoe baada ya siku 60. Na Agosti 1974 Nixon akajiuzulu. Habari ya Watergate, kashfa iliyomwangusha, ni ndefu. Kwenye daftari andika tu uamuzi wa Mahakama Kuu wa tarehe 24 Julai 1974, kura 8 kwa 0, kwamba rais lazima azitoe kanda alizorekodi za mazungumzo yake ofisini. Siku 16 baadaye hakuwa rais tena.

Tarehe 7 Agosti nyingine

Vitabu vingi vya Marekani huanza sura ya mwisho mwaka 2001. Mimi naianza Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, miaka 34 kamili tangu kura ya Tonkin, kwa sababu siku hiyo nilikuwepo.

Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha Nairobi, orofa ya nne, si mbali na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Ilikuwa kama saa nne unusu asubuhi. Kwanza ulisikika mlio mdogo. Wenzangu wakakimbilia madirishani kuchungulia. Mimi mkubwa wangu alikuwa amenituma risiti iliyokuwa droo ya chini ya kabati la chuma, nyuma ya mlango, nikawa nimeinama. Ndipo vioo vyote vikaingia ndani kwa pamoja. Wiki nzima nilikuwa nikichana nywele natoa chembe za kioo kwenye kitana. Wawili kati ya waliokuwa dirishani hawakuona tena.

Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam, kwa bomu la dakika chache baadaye, 11. Katika wote hao Wamarekani walikuwa 12. Tarehe 20 Agosti Rais Bill Clinton alirusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa Khartoum. Kwenye safu ya Kura: hakuna. Aliyetajwa kuwa nyuma ya mabomu yale, Osama bin Laden, ndiye Wamarekani wengi walikuja kulijua jina lake tarehe 11 Septemba 2001, walipouawa karibu watu 3,000 katika asubuhi moja.

Siku tatu baada ya hapo Bunge lilipiga kura ya kumruhusu rais kutumia jeshi. Seneti 98 kwa 0. Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1. Rudia maswali yetu matatu. Adui ametajwa? La: ni mataifa, makundi au watu ambao rais ataona walihusika. Mahali? Hapana. Mwisho? Hapana. Sentensi yenye nguvu ina maneno yapatayo 60 kwa Kiingereza.

Aliyekataa ni Barbara Lee wa California, binti wa mwanajeshi. Alisimama sauti ikimtetemeka, akawaomba wenzake wasubiri kidogo, na akarudia maneno aliyoyasikia kwa mchungaji kanisani siku hiyohiyo: kwamba tunapochukua hatua, tusije tukawa ule uovu tunaoulaani. Baadaye alieleza kuwa azimio lile lilikuwa hundi iliyosainiwa bila kuandikwa kiasi. Alitishiwa kuuawa, akawekewa ulinzi.

Siwezi kulisoma jina lake darasani bila kuwakumbuka wenzangu wa dirishani. Nilitaka waliofanya vile washikwe, na bado nasema ilikuwa haki washikwe. Lakini kwa karatasi ile ya 2001 marais wa vyama vyote viwili walipigana Afghanistan miaka 20, hadi tarehe 30 Agosti 2021, na wakapiga mabomu Yemen na Somalia, dhidi ya makundi mengine ambayo mwaka 2001 hayakuwepo. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliivamia kambi ya Manda, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Watu wetu wa Lamu waliuliza Wamarekani wanafanya nini pale. Sehemu ya jibu imo katika maneno yale 60. Huu ndio mshale mrefu kuliko yote katika daftari langu, unatoka Moi Avenue unapita Washington unarudi pwani ya Kenya.

Vita vya Iraq vilikuwa na karatasi yake, ya Oktoba 2002: wawakilishi 133 na maseneta 23 walisema hapana. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikupatikana. Zipe hotuba za waliokataa jioni moja uzisome.

Anza pia kutoka nyumbani kwako, rudi nyuma

Ukishajaza kurasa hizo, geuza njia. Usianze na tukio. Anza na karatasi uliyonayo kabatini. Kijana wako wa kiume akitimiza miaka 18 ni lazima ajiandikishe Selective Service, orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini. Kujiandikisha huko kulirudishwa na Jimmy Carter mwaka 1980, baada ya Wasovieti kuivamia Afghanistan. Msiipuuze, maana mwanamume anayeomba uraia huulizwa kama alijiandikisha. Na mkubwa wenu aliyetimiza miaka 55 akiwa na ukaazi wa kudumu miaka 15, mwambieni anaruhusiwa kufanya mtihani kwa lugha yake akiwa na mkalimani. Nimewaona wazee wakiteseka bure na Kiingereza kwa kutojua.

Halafu toa kadi yako ya kijani. Mbele kuna herufi mbili na tarakimu zinazoonyesha aina. Wakenya wangu wawili wana DV1, bahati nasibu ya viza, iliyotokana na sheria ya uhamiaji ya 1990. Mama wa Uvira alivaa miwani akasoma yake: RE6. Nikamwonyesha njia. RE ni mkimbizi. Inatoka kwenye Sheria ya Wakimbizi aliyoisaini Carter tarehe 17 Machi 1980. Sheria hiyo iliandikwa kwa sababu baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka tarehe 30 Aprili 1975, Wavietnam, Wakambodia na Walao kwa mamia ya maelfu walikimbia, na Marekani ilikuwa haina utaratibu wa kudumu wa kuwapokea. Na Saigon unaifikia kwa kupitia Tonkin, na ile kura ya dakika 40.

Akafuata mishale kwa kidole, kutoka kadi yake mpaka 1964 na kurudi. Kisha akafika kwenye safu ya tatu ya ule mstari wa 1980, nilipokuwa sijaandika kitu. "Na hii, mwalimu? Nani alisema hapana?"

Nikamwambia hiyo ni kazi yake ya nyumbani. Jumamosi iliyofuata alikuja na mwanawe wa darasa la kumi na karatasi za kura walizozipiga chapa wenyewe, majina ya waliokataa yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa. Akavuta kiti karibu na chupa ya chai, akaweka kidole kwenye jina la kwanza, akaniambia nianze kumsomea.